Jina la premiamu hulipiwa kila mwaka, na wajibu wa muuzaji huanza siku ya mauzo

ICANN, taasisi inayosimamia mfumo wa majina ya intaneti duniani, iliitaja Aprili 30, 2026 kuwa siku ya kufungua dirisha jipya la maombi ya vikoa vya ngazi ya juu, yaani miisho ya anwani kama .com, dirisha la kwanza la aina hiyo tangu mwaka 2012. Safari ile maombi 1,930 yaliwasilishwa, kila moja likilipiwa dola 185,000 za Marekani. Safari hii ada ya tathmini ni dola 227,000. Kwa wauzaji wa rejareja, yaani kampuni ndogo zinazonunua huduma za kuhifadhi tovuti na usajili wa vikoa kwa bei ya jumla na kuwauzia wateja wao, habari hii imefufua lalamiko la siku nyingi: kwamba wenye rejista, yaani waendeshaji wa vikoa hivyo, huwavuta watu kwa majina mazuri, kisha huwapandishia bei wakati wa kuhuisha, yaani kulipia jina kwa mwaka mwingine, na muuzaji mdogo ndiye anayebaki akivutana na mteja. Maumivu yaliyomo katika lalamiko hilo ni ya kweli, lakini nadhani lawama imeelekezwa pasipostahili. Mara nyingi bei ya kuhuisha jina la premiamu, yaani jina linalouzwa kwa bei ya juu kuliko ya kawaida, haikupandishwa na yeyote. Ilikuwa kubwa tangu saa jina lilipouzwa, ilikuwemo katika mfumo wa msajili, yaani kampuni inayosajili majina kwa rejista na kumuuzia muuzaji kwa jumla, na aliyekuwa na nafasi ya mwisho ya kumwonyesha mteja kabla hajalipa ni muuzaji. Kwa hiyo suala la bei hizi huamuliwa siku ya mauzo, muda mrefu kabla ya ankara ya mwaka wa pili. Siku hiyo bei ya kuhuisha inapaswa kuandikwa wazi, kukubaliwa na mteja kwa maandishi, na kubaki mzigo wa mteja mwenyewe, bila muuzaji kuimeza wala kuifunika.

Mkanganyiko mwingi unatokana na kuchanganya bidhaa tatu tofauti zinazouzwa chini ya jina moja la premiamu. Ya kwanza ni jina ambalo tayari lina mwenyewe, naye analiuza katika soko la mtumba kwa bei anayoitaka. Mnunuzi akishamlipa, hata kama ni maelfu ya dola, kuanzia hapo hulihuisha kwa ada ile ile ya majina mengine yote. Majina ya .com yanayosifika kwa ughali yako katika kundi hili, kwa sababu mkataba wa Verisign, mwendeshaji wa .com, unaweka ukomo wa bei ya jumla kwa majina yote, na Septemba 2024 bei hiyo ilipanda hadi dola 10.26 kwa mwaka, liwe jina la herufi tatu au la maneno manne. Bidhaa ya pili ni jina ambalo rejista yenyewe imelitenga, ikaliuza kwa bei ya juu mwaka wa kwanza tu, na baada ya hapo likahuishwa kwa ada ya kawaida. Ya tatu ni jina lililotengwa na rejista ambalo bei yake ya juu hurudi kila mwaka kwa muda wote litakapokuwa hai. Mteja aliyekulia kwenye .com huitazama bidhaa ya tatu akadhani ni ya kwanza, wala hana kosa, kwa kuwa uzoefu wake wote umemfundisha kwamba bei kubwa hulipwa mara moja na jina likawa lake.

Wenye rejista hutetea bidhaa ya tatu kwa hoja ambayo haistahili kupuuzwa. Jina ambalo katika soko la mtumba lingehitaji mtaji mkubwa kwa mkupuo linaweza kuanza kutumiwa kwa dola mia chache, na gharama yake ya kila mwaka humzuia mlanguzi kukusanya mamia ya majina na kuyakalia bila kuyatumia. Biashara changa iliyopata jina fupi, linalosemeka na kukumbukwa, huenda ikaona dola 300 kwa mwaka ni bei nafuu kuliko matangazo. Hoja hiyo, hata hivyo, inasimama kwa sharti moja: mnunuzi awe anajua kwamba analipia kitu kinachofanana zaidi na pango kuliko ununuzi. Asipojua, kila faida iliyotajwa hapo juu inageuka kuwa mtego, na haijalishi kama aliyeutega alikusudia.

Sharti hilo halikutungwa na mimi. Limeandikwa katika mkataba wa msingi ambao ICANN hutiliana saini na waendeshaji wa vikoa vipya, kifungu cha 2.10. Kifungu hicho kinamtaka mwendeshaji wa rejista atoe notisi ya siku 30 kabla ya kupandisha bei ya usajili mpya na siku 180 kabla ya kupandisha bei ya kuhuisha, na kinampa msajili haki ya kuhuisha kwa bei ya sasa kwa kipindi cha hadi miaka 10. Kisha kinaweka kanuni ya usawa: bei ya kuhuisha iwe moja kwa majina yote ya kikoa hicho. Jina la premiamu linaruhusiwa kukiuka usawa huo pale tu ambapo mwenye jina alikubali waziwazi, katika mkataba wake na msajili na wakati wa usajili wa kwanza, kwamba bei ya kuhuisha itakuwa ya juu, na awe amekubali baada ya kuonyeshwa bei hiyo kwa namna iliyo dhahiri na isiyojificha. Kifungu kinataja hata kusudi lake, ambalo ni kuzuia bei za kibaguzi au za dhuluma zinazowekwa bila ridhaa ya mwenye jina. (Vikoa vya nchi viko nje ya mkataba huu na kila mwendeshaji ana kanuni zake, hivyo muuzaji asidhani kinga hizi zinamfuata huko.)

Ukikisoma kifungu hicho kwa makini utaona jambo ambalo mijadala mingi hulipita. Uhalali wote wa bei ya juu ya kuhuisha umejengwa juu ya ridhaa ya mwenye jina siku ya kwanza, na ridhaa hiyo haikusanywi na rejista wala, kwa wateja wa rejareja, haikusanywi na msajili. Inakusanywa katika ukurasa wa malipo wa muuzaji. Msajili anamkabidhi muuzaji masharti na bei, kisha anachukulia kwamba yamefikishwa. Rejista inachukulia kwamba msajili anao ushahidi. Mteja anachukulia kwamba bei aliyoiona ndiyo bei. Ukurasa wa muuzaji ukiwa umeonyesha bei ya mwaka wa kwanza peke yake, mnyororo mzima unaning'inia kwenye ridhaa ambayo haikuwahi kutolewa. Ndiyo maana sioni faida ya muuzaji kunyoosha kidole juu. Katika mnyororo huu yeye ndiye anayezungumza na mteja, anayeandika ankara, na anayepokea fedha, na katika hatua ambayo ni muhimu kuliko zote ana uwezo kuliko wote walio juu yake.

Tuangalie kwa karibu jinsi hasara inavyoingia, kwa mfano wa tarakimu tu. Mteja anachukua kifurushi cha kuhifadhi tovuti cha dola 60 kwa mwaka pamoja na jina ambalo bei yake ya jumla ni dola 400 kila mwaka. Mwaka wa kwanza muuzaji anaona bei hiyo kwenye utafutaji, anaongeza faida yake, mteja analipia jina dola 440, na wote wanafurahi. Lakini programu ya ankara, isipokuwa imeagizwa vinginevyo, inachukua bei ya kuhuisha kutoka jedwali la kawaida la kikoa husika, tuseme dola 35. Mwaka unapozunguka, ankara ya dola 95 inatumwa kwa mteja, dola 60 za hifadhi na dola 35 za jina. Mteja analipa siku hiyo hiyo, kwa kuwa ni mteja mzuri. Mfumo ukiona malipo yameingia unatuma amri ya kuhuisha kwa msajili, na msajili anakata dola 400 kutoka salio ambalo muuzaji aliliweka kwa ajili ya majina ya wateja wake wote. Hakuna aliyegombana na yeyote, hakuna hitilafu iliyoripotiwa, na muuzaji amepoteza dola 365 kwa mteja ambaye faida yake yote ya hifadhi kwa miaka kadhaa haifiki kiasi hicho. Mara nyingi hagundui kwa kuona jina lile. Anagundua kwa sababu salio limeisha na jina la mteja mwingine kabisa, la dola 12, limekwama kuhuishwa.

Hasara ya namna hiyo haina uhusiano na ulafi wa rejista, kwa kuwa taarifa zilikuwepo. Itifaki ya EPP, ambayo wasajili huitumia kuwasiliana na rejista, ina kiendelezi cha ada kilichochapishwa Machi 2020 katika waraka wa viwango vya intaneti uitwao RFC 8748. Kwa kiendelezi hicho msajili anapouliza kama jina lipo wazi anaweza kujibiwa pia ada ya kulisajili, ya kulihuisha, ya kulihamisha na ya kulirejesha, pamoja na daraja ambalo jina limewekwa. Muuzaji hazungumzi EPP moja kwa moja, lakini wasajili wengi hupitisha taarifa hizo katika kiolesura wanachompa, na programu za ankara zinazotumiwa sana, WHMCS ikiwa mojawapo, zina sehemu maalumu ya majina ya premiamu ambamo muuzaji hupanga nyongeza yake kwa ngazi za bei. Tatizo ni kwamba sehemu hiyo hutegemea moduli ya msajili, yaani kipande cha programu kinachoiunganisha na mfumo wake, kuleta taarifa kamili. Kuna moduli inayoleta bei ya usajili na kuiacha ya kuhuisha, na kuna inayozileta zote mbili wakati wa kuagiza lakini isiulize tena mwaka unaofuata. Kabla ya kuwasha mauzo ya premiamu, muuzaji anapaswa kulijaribu hili kwa jina halisi hadi aone bei ya mwaka wa pili imeandikwa katika rekodi ya jina. Asiporidhika, asiwashe.

Mlango mwingine wa hasara, ambao huzungumzwa kidogo kuliko unavyostahili, ni uhamisho. Mteja anayehama kutoka kwa mtoa huduma mwingine huja na majina yake, na katika vikoa vingi visivyo vya nchi uhamisho huongeza mwaka mmoja wa usajili na hulipiwa. Kama mojawapo ya majina hayo ni la premiamu, uhamisho hutozwa kwa bei ya premiamu, wakati ukurasa wa muuzaji huenda unatangaza uhamisho wa dola 10 au hata wa bure kama kivutio. Jina lililopokelewa hivyo linaingia katika orodha bila alama yoyote ya daraja lake na linasubiri mwaka uzunguke ili lilete hasara ya pili. Ni hivyo hivyo kwa jina lililoachwa likaisha muda hadi likafika katika kipindi cha siku 30 cha ukombozi, nafasi ya mwisho ya mwenye jina kulirejesha, ambapo ada ya kurejesha hulipwa juu ya ada ya kuhuisha ya premiamu. Muuzaji aliyemwahidi mteja kwa simu kwamba "tutalirudisha" kabla ya kuuliza bei ameahidi fedha asizozijua.

Wapo wauzaji wanaosema dawa ni kumeza tofauti hiyo. Hoja yao ni kwamba mteja mmoja aliyeudhika huondoka na tovuti yake, barua pepe zake na marafiki zake, na kwamba dola mia mbili au tatu ni gharama nafuu ya kulinda jina la biashara. Ninaikubali hoja hii kwa mwaka mmoja, na kwa kosa ambalo muuzaji alilifanya mwenyewe. Ikigeuzwa kuwa sera inaanguka, kwa kuwa gharama ya premiamu haina mwisho. Inarudi kila mwaka, na mteja aliyefichwa bei halisi hana sababu yoyote ya kujiuliza kama jina lile bado linamfaa. Zaidi ya hapo, fedha za kumeza hutoka mahali fulani. Katika biashara ya rejareja yenye faida nyembamba hutoka katika vifurushi vya wateja wa kawaida, ambao huishia kulipia jina la mtu mwingine bila kuulizwa.

Hoja iliyo kinyume ni ya kutouza majina ya premiamu kabisa, na naiona kuwa na nguvu kuliko watu wengi wanavyokiri. Muuzaji mwenye wateja wachache, asiye na mtu wa kukagua moduli wala wa kufuatilia notisi, anafanya uamuzi wa busara anapozima kipengele hicho na kumwelekeza mteja akasajili jina hilo moja kwa moja kwa msajili, kisha alielekeze kwenye seva zake. Anapoteza faida ndogo na kuepuka mzigo mkubwa. Udhaifu wa hoja hii ni kwamba haimkingi na majina yanayoingia kwa njia ya uhamisho, na kwamba kadiri vikoa vipya vinavyoongezeka ndivyo wateja wanavyozidi kukutana na majina ya premiamu katika utafutaji wa kawaida. Bado, kati ya kuuza vibaya na kutouza, kutouza ni heshima zaidi kwa mteja.

Kuna pia wanaoongeza faida kubwa, asilimia 30 au 50 juu ya bei ya jumla, wakisema hatari ni kubwa na fedha nyingi hufungwa. Mwaka wa kwanza hilo linaweza kutetewa, kwa kuwa kazi ya kushauri na kuthibitisha ni halisi. Katika kuhuisha sioni utetezi. Amri ya kuhuisha jina la dola 400 ni ile ile ya jina la dola 12, na mteja aliyekwishajenga biashara juu ya jina hana pa kwenda ila kulihamisha, akilipa mwaka mwingine wa premiamu. Kutumia hali hiyo kumtoza asilimia ni kuifanya shingo yake iliyobanwa kuwa chanzo cha mapato. Nyongeza inayolingana na kazi iliyofanyika ni kiasi maalumu kisichopanda kwa kufuata bei ya jina, pamoja na kinga ya kiasi dhidi ya kuyumba kwa fedha pale muuzaji anaponunua kwa dola na kuuza kwa fedha nyingine.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi: kwamba mteja aliweka alama kwenye kisanduku cha kukubali masharti, na masharti yalisema bei za kuhuisha zinaweza kutofautiana, hivyo shauri yake. Kwanza, sentensi ya jumla kwamba bei zinaweza kutofautiana haionyeshi bei. Mkataba wa ICANN unataka bei yenyewe ya kuhuisha ionyeshwe kwa namna iliyo dhahiri, na hakuna maana ya kawaida ya udhahiri inayoweza kutoshelezwa na aya ya katikati ya hati ndefu isiyo na tarakimu hata moja. Pili, sera ya ICANN ya urejeshaji wa majina yaliyoisha muda, iliyoanza kutumika Agosti 31, 2013, inamtaka msajili aweke wazi ada za kuhuisha na za ukombozi, na ahakikishe kwamba ada hizo zinaonekana pia katika tovuti za wauzaji wake wa rejareja. Muuzaji anayejificha nyuma ya kisanduku anajificha nyuma ya kitu ambacho sera hiyo tayari imekiona hakitoshi. Tatu, na hili ndilo linalonigusa zaidi, hoja hiyo inadhani mgogoro utaamuliwa na maandishi. Mteja mdogo hawezi kwenda popote na maandishi hayo. Atalipa kwa uchungu au ataliacha jina, na jina la biashara iliyokwishajulikana likiachwa huondoka na anwani za barua pepe, viungo na kadi za biashara zilizogawiwa. Muuzaji aliyeona tarakimu ile akanyamaza ndiye aliyelisababisha hilo, hata kama hakuna kanuni itakayomfikia.

Ni haki kukiri kwamba wakati mwingine bei hupanda kwelikweli. Mwaka 2017 kampuni ya Uniregistry ilitangaza kupandisha kwa kiwango kikubwa bei za baadhi ya vikoa vyake, .hosting kikiwamo, na majina ya kawaida yasiyo ya premiamu yakaingia katika tangazo hilo. Hapo ndipo notisi ya siku 180 na haki ya kuhuisha kwa miaka hadi 10 zinapokuwa na thamani. Lakini tazama notisi hiyo inakwenda kwa nani. Kifungu kinamtaja msajili. Hakimtaji muuzaji wa rejareja wala mwenye jina. Notisi hufika kwa msajili, msajili huiweka katika barua pepe moja yenye mabadiliko ya bei ya vikoa vingi, na barua hiyo huingia katika kisanduku ambacho huenda hakuna anayekisoma. Siku 180 zinatosha kumpa mteja nafasi ya kuchagua kati ya kulipia miaka kadhaa kwa bei ya zamani na kuanza kuhama taratibu. Zikitumiwa vibaya, mteja husikia habari siku 30 kabla, au anaposoma ankara. Muuzaji ambaye hana mtu aliyepewa jukumu la kusoma barua hizo ameitupa kinga pekee ambayo mfumo unampa yeye na wateja wake.

Hoja hii ikikubalika, mambo kadhaa katika uendeshaji wa kila siku yanabadilika. Katika ukurasa wa malipo, bei ya mwaka wa pili inakaa kando ya bei ya mwaka wa kwanza kwa herufi za ukubwa ule ule, na jumla ya miaka mitano inaandikwa chini yake, kwa sababu dola 400 husomeka tofauti kabisa zinapoandikwa kama dola 2,000. Ridhaa inachukuliwa peke yake, nje ya masharti ya jumla, kwa sentensi inayotaja jina, bei ya kuhuisha, fedha inayotumika na tarehe, na nakala yake inakwenda kwa barua pepe ya mteja na kubaki katika rekodi ya muuzaji. Kikoa cha bure kinachoambatana na kifurushi cha hifadhi kinatamkwa wazi kwamba hakihusu majina ya premiamu, na uhamisho wa majina hayo unapitia mikononi mwa mtu kabla ya kukubaliwa.

Upande wa ankara, jina la premiamu linahitaji kalenda yake. Kanuni za ICANN zinamtaka msajili amkumbushe mwenye jina takriban mwezi mmoja na takriban wiki moja kabla ya muda kuisha, lakini kwa ada ya dola mia kadhaa mwezi mmoja ni mfupi. Siku 90 kabla, muuzaji anauliza bei upya kwa msajili, analinganisha na iliyoandikwa katika ridhaa, na kumwandikia mteja barua fupi yenye tarakimu moja na swali moja: unaendelea nalo? Kuhuisha kiotomatiki kunazimwa kwa majina haya katika akaunti ya msajili, na amri inatumwa tu baada ya malipo kamili kuingia, kwa kuwa wasajili wengi hawarudishi fedha za kuhuisha jina la premiamu, na salio lililokatwa kwa jina moja ni salio lililonyimwa majina mengine. Kuzima huko kuna hatari yake: mteja asipojibu, jina linaweza kupotea. Ndiyo sababu simu inahitajika, na baada ya simu, maandishi. Majina ya premiamu katika orodha ya muuzaji wa kawaida ni machache kiasi kwamba kazi hii haimlemei mtu.

Kinachobaki kuwa kigumu ni wateja ambao tayari wapo, waliouziwa au kupokelewa bila kuonyeshwa bei. Hapa muuzaji hana ridhaa ya kuegemea, na sidhani ni haki kumpelekea mteja ankara kamili kana kwamba alijua. Njia ninayoiona kuwa ya uadilifu ni kukagua orodha nzima ya majina kwa kuuliza daraja na bei ya kuhuisha ya kila moja, kuwaandikia wanaohusika mapema iwezekanavyo, kubeba tofauti ya mwaka unaofuata, na kutaja katika barua hiyo hiyo bei watakayolipa kuanzia mwaka wa pili pamoja na msaada wa kuhamia jina la kawaida kwa atakayechagua hivyo, huku jina la zamani likielekezwa kwenye jipya kwa muda wote uliolipiwa. Vikoa vya dirisha jipya vitapitia tathmini na mikataba kabla ya kuingia sokoni, na muda huo unatosha kabisa kumaliza ukaguzi wa majina yaliyomo katika orodha leo.